Isiwe Alhamisi: Historia ya Daktari Marion Nerima Luseno

Mchungaji wetu, wazee wetu, uongozi wa hospitali mlioketi chini ya ile hema ya buluu, majirani wa Komarock, Kariobangi na Lucky Summer, wagonjwa wa marehemu ambao ni wengi kuliko viti, na nyote mliofika katika uwanja huu wa kanisa asubuhi ya leo, Alhamisi, tarehe 29 Mei 2025, familia inawasalimu na kuwapa pole, maana msiba huu si wa nyumba moja. Anayewasomea ni Griffins Mulama, mdogo wa marehemu, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye kamati ya mazishi imempa dakika kumi na ambaye anaomba radhi mapema kwa sababu hazitamtosha.

Kabla ya kuanza kuna mambo mawili. La kwanza, marehemu aliacha neno moja tu kuhusu siku ya kuzikwa kwake, kwamba isiwe Alhamisi, na leo ni Alhamisi, na sababu ya neno hilo mtaisikia. La pili, kuna viti vitatu vitupu, kimoja hapa mbele upande wa familia na viwili kule kwenye hema ya hospitali, na tumewasikia mkiulizana chini kwa chini wenyewe wako wapi, basi tunawaomba subira, navyo vitaelezwa kabla hatujaketi.

Daktari Marion Nerima Luseno alizaliwa tarehe 14 Agosti 1970, nyumbani, Kariobangi Kusini, mikononi mwa mkunga jirani, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Andati Luseno, fundi wa mashine katika kiwanda cha nguo cha Baba Dogo, na marehemu Mama Nanjala, aliyeuza mboga na dagaa wa omena sokoni, akafuatwa na huyu anayesoma, kisha na kitinda mimba wetu, Nekesa. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili, na katika chumba cha mbele palikuwa na kabati la vioo lililochukua nafasi ya mtu na nusu, na ndani yake seti ya vikombe vya kaure vyenye ukingo wa dhahabu, vimefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma kwa mkono, vikombe ambavyo hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuvigusa kwa sababu vilikuwa vya wageni. Sisi tulikunywa chai kwa vikombe vya bati vilivyobambuka rangi, tukiwangoja hao wageni, nao walipokuja walikuwa watu wa kawaida kama sisi, Mama akawaona hawajafikia kiwango, wakapewa bati vilevile. Askofu alikuja mara moja, mwaka 1982, akasema ana haraka, hakunywa chochote. Mtatuvumilia kwa kuleta vikombe kwenye historia ya daktari, lakini bila vikombe hivyo hamtamwelewa Nerima.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1977 katika shule ya msingi ya Kariobangi, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1983, akaenda shule ya bweni ya wasichana huko Kakamega, na akawa katika kundi la mwisho kabisa kumaliza kidato cha sita cha mfumo wa zamani, mwaka 1989. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1990 kusomea udaktari, na kwa sababu chuo kilikuwa kikifungwa kila wanafunzi walipogoma, alimaliza mwaka 1997, Baba akiwa tayari amewaambia wenzake kiwandani mara nyingi kwamba binti yake anamaliza mwaka huu, hata wakaacha kumwitikia. Alirudi chuoni mwaka 2003 na kuhitimu mwaka 2007 kama daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi.

Tarehe 12 Desemba 1998 alifunga ndoa katika kanisa letu la Kariobangi na Dedan Munene, fundi wa milango na madirisha ya chuma katika karakana za jua kali za Kariobangi, ambaye alimjua pale Mzee alipomtuma akaagize lango jipya la nyumba, lango ambalo lilichukua miezi mitano kutengenezwa kwa sababu fundi alikuwa akisema kila wiki kwamba vipimo havijakaa sawa na daktari arudi tena Jumamosi. Waliosema daktari hawezi kuolewa na mchomelea vyuma walisema sana, upande wa kwetu na upande wa kwao kule Murang'a, na wengine wao wako hapa leo, wamekula na kunywa kwenye nyumba hiyo kwa miaka ishirini na sita. Mungu aliwajalia watoto wawili, Njoki, aliyezaliwa tarehe 3 Juni 2000, na Maingi, aliyezaliwa tarehe 19 Januari 2003.

Sasa tunaingia katika kazi yake, na hapa ndipo familia inapokuwa na kifundo rohoni, nasi hatutakimeza. Aliajiriwa mwaka 2007 katika hospitali ya hapa Komarock, ambayo jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye hema yenu kwa hiyo hatuna haja ya kulirudia, na huko alifanya kazi kwa bidii kama madaktari wengine wa wakati wake, yaani mwanamke akija anatokwa na damu isiyokoma, anapelekwa chumba cha upasuaji, analazwa kwa dawa ya usingizi, daktari anaingiza kijiko cha chuma ndani ya kizazi na kukwangua bila kuona anachokwangua, kinachopatikana kinapelekwa maabara, na mwanamke anaambiwa amesafishwa. Hivyo ndivyo alivyofundishwa, na kwa muda hakuona ubaya wake.

Mwaka 2008 ilikuwa zamu ya Nekesa, dada yetu, mshonaji wa nguo kule Lucky Summer, aliyekuwa ameolewa na bado hajapata mtoto, ambaye damu ilimwandama hadi akawa anashona akiwa amekalia leso iliyokunjwa mara nne na kuinuka kwa kujishika ukutani. Nerima hakutaka kumtibu mtu wa damu yake mwenyewe, akampeleka kwa mwalimu wake, daktari mashuhuri aliyemfundisha, sasa ni marehemu naye, na mzee yule akamkwangua Nekesa mara tatu kwa muda wa mwaka mmoja, na mara zote tatu majibu yakarudi kwamba hakuna kitu. Kwa kuwa hakuna kitu na damu haikomi, tarehe 8 Septemba 2009, Nekesa akiwa na miaka thelathini na minne, wakamtoa kizazi. Maabara walipokipasua wakakuta kijinyama kimoja laini, kimening'inia kwa kikonyo chake kwenye pembe ya juu kabisa, si kikubwa kuliko punje ya haragwe, mahali ambapo kile kijiko kilipita kando mara zote tatu. Si saratani, wala si ugonjwa wa kumtoa mtu kizazi, ni kitu cha kukatwa kwa dakika chache na mwenyewe akaenda nyumbani kupika.

Nekesa alipoelezwa hakupiga kelele, alimuuliza dadake swali moja tu, akisema, "Nerima, kwani hakukuwa na mtu wa kuchungulia?" Nerima alikuja kutuambia kwamba katika masomo yake yote hakuwahi kuulizwa swali gumu kama hilo, kwa sababu jibu lilikuwepo na alilijua, kwamba mahali pengine duniani watu walikuwa wamechungulia kwa miaka mingi. Kipimo hicho kinaitwa histeroskopi, nacho ni kamera nyembamba kuliko penseli inayopitishwa kwenye mlango wa kizazi, maji ya chumvi yakipanua nafasi kidogo, daktari akaona kwenye skrini kila pembe, na akiona kijinyama akakikata palepale. Alimwendea mwalimu wake kwa heshima na kumwambia haya, naye mzee akamjibu, "Nerima, mimi miaka thelathini mikono yangu inaona," na Nerima akasema, "Mwalimu, mikono ilipita hapo mara tatu." Hawakuzungumza tena hadi mzee alipofariki, na mume wa Nekesa hakumaliza mwaka kabla ya kufunga virago vyake.

Mama Nanjala alifariki tarehe 2 Februari 2011, na siku ya matanga yake ndipo vile vikombe vilipotoka kabatini kwa mara ya kwanza, kwa kuwa vikombe vya kukodi havikutosha. Nerima ndiye aliyeviosha, na tulimsikia kule jikoni akilia, nasi tulipoingia kumfariji tukakuta si huzuni peke yake, alikuwa na hasira, ameshika kimoja mkononi na kusema, "Hakuwahi kunywea hata kimoja." Alivichukua vyote akaenda navyo kwake Komarock, na kuanzia wiki hiyo Njoki na Maingi walinywea uji vikombe vya askofu, na viwili vikavunjika mwaka huohuo na hakuna aliyegombezwa.

Mwaka 2012 aliomba likizo, akaenda Afrika Kusini kwa miezi mitatu kujifunza kutumia kamera hiyo, na aliporudi akaanza kuwasumbua watu kwa barua pepe, akawasumbua wafadhili wa ng'ambo, hadi hospitali moja ya huko iliyokuwa ikinunua mitambo mipya ikakubali kutoa ule wa zamani uliokuwa bado mzima. Mtambo ulifika tarehe 17 Oktoba 2013, ukapokelewa kwa maombi, kwaya ikaimba, hotuba zikawa ndefu kuliko hii, na akina mama wa kanisa, kwa mapenzi mema kabisa, wakauletea kitambaa cheupe walichoufumia wenyewe, chenye maua pembeni. Nerima alipouona umefunikwa kile kitambaa, akajua balaa limeingia.

Hakukosea, maana mtambo uliwekwa ndani ya kabati la vioo katika chumba cha mikutano, ukafungiwa humo, na ukawa ni wa wageni. Wakija wafadhili, unatolewa, unapanguswa, unawekwa mezani, wageni wanapiga nao picha, soda zinafunguliwa, na jioni unarudishwa kabatini na kufunikwa, na mwendo wa hatua chache tu kutoka hapo, katika chumba cha upasuaji, wanawake wa Kariobangi na Dandora wanaendelea kukwanguliwa gizani. Nerima aliuliza kwa nini hautumiki, akaambiwa utaharibika, na ukiharibika fundi yuko ng'ambo. Akauambia mkutano kwamba chombo kisichotumika kimekwisha kuharibika, wakacheka, wakadhani ni mzaha. Akaambiwa mgonjwa wa kipimo hicho lazima alazwe kwa dawa ya usingizi, akaeleza kwamba wengi hawahitaji, anapewa dawa ya maumivu, analala kitandani akiwa macho, muda wa kuchemsha chai amemaliza, na wale wachache wanaohitaji usingizi watapewa, naye hakuwahi kubisha hilo. Akaambiwa bima haimlipii mtu asiyelazwa wodini, na hilo lilikuwa kweli, nalo ndilo lililomkasirisha zaidi kuliko yote, kwamba mwanamke mzima anayeweza kwenda nyumbani kwa miguu alazwe kwanza ndipo karatasi ziende sawa.

Miaka ikapita hivyo. Kuna jioni moja ya mwaka 2015 alifika nyumbani kutoka mapokezi ya wageni, akavua viatu, akamwambia mumewe, "Dedan, leo wameupiga picha tena ule mtambo," akakaa sebuleni bila kuwasha taa, na watoto walijua siku za namna hiyo hawamuombi pesa ya chochote. Tunayasema haya kwa sababu kwenye magazeti ya juzi, katika matangazo ya rambirambi, ameandikwa kuwa alikuwa mtulivu na mwenye tabasamu daima. Ndugu zangu, hakuwa mtulivu hata kidogo, alikuwa mtu aliyechoka kubembeleza, aliyegonga meza kwenye mikutano, aliyeitwa mjeuri na msumbufu na watu ambao wameandika tangazo hilohilo, na sisi tunamtaka akumbukwe alivyokuwa.

Mwaka 2017 waliruhusu mtambo utumike katika chumba cha upasuaji, nafasi ikipatikana, na nafasi haikupatikana sana. Ilikuwa tarehe 7 Machi 2019, siku ya Alhamisi, ndipo alipopewa chumba namba sita, chumba kidogo karibu na kliniki ya waja wazito, ambacho kilikuwa kikitumika kuweka viti vibovu, naye akavitoa viti kwa mikono yake akisaidiwa na nesi Kate, wakapaka rangi wenyewe, na kuanzia hapo kila Alhamisi ikawa ni siku ya kamera, ya mwanamke yeyote, bila kulazwa, kama mtu anavyokwenda kupimwa macho.

Wagonjwa nao hawakuwa rahisi, tusidhani tatizo lilikuwa la wakubwa peke yao. Neno kamera liliwatisha, mtaani kukavuma kwamba daktari anapiga watu video za ndani, na mama mmoja muuza mitumba wa pale Kariobangi alipanda kitandani, akashuka, akavaa, akamuuliza, "Dakitari, niambie ukweli, hii kitu haitaenda TikTok?" Nerima hakucheka, aliizungusha ile skrini ikamtazama mgonjwa, akamwambia mwenye video ni wewe, tazama mwenyewe, na yule mama akapanda tena, akatazama, akaona kile kijinyama kikinesanesa ndani ya maji, akasema, "Kwani ni hako tu? Hako ndio kamenimaliza miaka yote hii?" na kabla hajamaliza kushangaa kilikuwa kimekatwa. Tangu siku hiyo skrini ilimtazama mgonjwa daima, na yule mama akawa ndiye tangazo la kliniki, alileta wateja wake wa mitumba, na ametuambia tumtaje bila jina, yuko hapo nyuma.

Machi 2020 ugonjwa wa korona ulipoingia chumba kilifungwa kwa muda, na muda huo ukafika miaka miwili, na mtambo ukarudi kule kule kabatini, chini ya kitambaa. Nerima alianza upya, barua kwa barua, mkutano kwa mkutano, kama mtu ambaye hajawahi kusema hayo, akarudishiwa namba sita mwezi Mei 2022, kwa sharti kwamba kiwekwe mlango wa chuma wenye kufuli ili mtambo usiibwe. Hospitali ikaagiza mlango huo kwa Dedan. Funguo zote zikachukuliwa na ofisi ya stoo, na kila Alhamisi mwenye stoo akawa anafika saa nne, wanawake wakiwa wamekaa kwenye benchi tangu alfajiri bila kula, hadi Dedan alipochoka kumwona mkewe akirudi nyumbani na kichwa kinachouma, akachonga ufunguo mwingine pale karakana, akamkabidhi, akisema, "Mlango ni mimi nimetengeneza, siwezi kushindwa na mlango wangu." Uongozi haukuwahi kuujua ufunguo huo, na tunautaja leo kwa sababu utatuhusu.

Katika miaka hii mitatu alimfundisha Daktari Okinyi, kijana mwenye mkono mwepesi na maneno machache, hadi akaweza kuifanya kazi peke yake, akamfundisha nesi Kate kuandaa kila kitu, na Nekesa, dada yetu, akajitolea kuja kila Alhamisi kukaa na wanaongoja, kuwashika mkono wanapoogopa, kuwatengenezea chai wakitoka. Hakuna aliyemwomba Nekesa, na hakuna aliyemuuliza kwa nini, alikuja tu na thermosi yake.

Marehemu alianza kuugua Novemba 2024, maumivu ya tumbo na mgongo, akapimwa tarehe 9 Desemba na kupatikana na saratani ya kongosho iliyokwisha kusambaa, akatibiwa hapa Nairobi, akafanya kazi hadi Alhamisi ya tarehe 6 Machi 2025 akiwa amekaa kwenye kiti kirefu kwa kuwa miguu ilikataa, na baada ya hapo hakutoka tena nyumbani. Wiki zake za mwisho hakuzungumzia sana kufa, alimuuliza Okinyi kila Alhamisi jioni ni akina nani wamekuja na wameonekana na nini, na siku moja, tukiwa tumemzunguka, alisema, "Mkinizika isiwe Alhamisi, wale wametoka mbali." Alifariki nyumbani kwake Komarock, Jumanne, tarehe 20 Mei 2025, saa kumi na moja alfajiri, mumewe akiwa amemshika, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne.

Basi kamati ya mazishi ikakaa, kama kawaida yetu, kila jioni katika ukumbi wa mtaa, na familia ikasema Ijumaa, tarehe 30. Siku ya tatu wakaja wajumbe wa hospitali, wakashukuru, wakasema msimamizi mkuu anasafiri Ijumaa na isingependeza akose, na mgeni wake wa heshima naye ana nafasi Alhamisi tu. Familia ikaeleza neno la marehemu, tukaelezwa kwamba yeye mwenyewe angeelewa. Tukapigiwa kura na kamati, ndugu zangu, juu ya maiti yetu, na Alhamisi ikashinda. Kisha Jumatatu hospitali ikabandika tangazo kwamba kwa heshima ya Daktari Luseno kliniki ya leo imefutwa, na kwamba chumba namba sita kitafungwa kuanzia leo hadi siku kitakapozinduliwa kwa jina lake, mgeni rasmi akipatikana, na tumeambiwa kuna jiwe la marumaru limeagizwa, na picha yake, na kwamba akina mama wa kanisa wanafuma kitambaa kipya.

Tunajua mliyafanya kwa kumheshimu, nasi hatuwatukani, ila tunasema mbele ya watu wote kwamba hiyo ndiyo heshima ileile iliyomuua moyo kwa miaka kumi na miwili. Mama yetu alivipa vikombe heshima hiyo, akafa hajavinywea, na bintiye aliapa kwamba kitu kizuri hakitangoja wageni tena, sasa mnataka kumfanyia hivyo yeye mwenyewe, kumfunga ndani ya chumba na kumfunika kitambaa. Wale waliopangiwa leo hawakupata tangazo lenu, wengi hawana njia ya kulipata, wameamka usiku wamefika, wako kwenye benchi.

Kwa hiyo sasa tuvieleze vile viti. Jumanne jioni, tukipanga vitu vya marehemu, Dedan alifungua mkoba wake, akatoa ufunguo aliouchonga mwenyewe, akatuuliza sisi sote kwa macho, na hakuna aliyekataa. Viti viwili vilivyo wazi kwenye hema ya hospitali ni vya Daktari Okinyi na nesi Kate. Hiki kilicho wazi hapa mbele, karibu na jeneza, ni cha Nekesa. Alikuja kumuaga dadake kwa dakika chache alfajiri kabla hatujatoka nyumbani, akainama, akamwambia jambo ambalo hatukulisikia, akachukua thermosi yake akaondoka, na waliomwona akiondoka wakasema dada gani huyu anayekimbia mazishi. Atatukuta kaburini Lang'ata saa nane, wakimaliza. Kama kuna kosa, kosa ni la familia, si la Okinyi wala la Kate, na anayetaka kumfukuza mtu kazi aanze kwa kutufukuza sisi hapa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu bila kuchoka, majirani wa Komarock waliotuletea chakula tangu siku ya kwanza, mafundi wa karakana za Kariobangi waliofunga kazi zao leo kwa ajili ya Dedan, walimu wenzangu, mchungaji na kanisa lake, na akina mama wanaofuma, ambao tunawaomba kwa unyenyekevu vitambaa vyao viende kwenye mito ya wagonjwa. Tunaushukuru uongozi wa hospitali kwa magari, na kwa kutusikiliza hadi hapa bila kuinuka. Chai iko tayari jikoni mwa kanisa, vikombe vya Mama vilivyobaki viko humo, atakayekipata atumie, na kikivunjika basi kimevunjika.

Na kwako, Nerima, dada yangu, tulikunyima siku uliyoomba, tusamehe, tulishindwa. Lakini saa hii ninaposoma, mlango wa Dedan uko wazi, skrini imegeuzwa, na mtu anachungulia. Lala sasa, upumzike.